Kumekucha na Mimi Nimo

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, wazee wa Ulaya walipokuwa wakizunguka dunia kutafuta pa kuzeekea, palikuwa na milima miwili inayotazamana. Katikati palikuwa na bonde lenye kina, na chini ya bonde mto. Mtu akitaka kutoka mlima huu kwenda ule kwa miguu, aliondoka asubuhi akafika jua likiwa utosini. Mtandao wa simu haukushika huko. Lakini sauti ilivuka mara moja. Basi watu wa pande mbili hawakutembeleana kila siku. Waliitana.

Mlima wa mawio, kijijini Kwembago, aliishi mjane jina lake Bi Mboni. Miguu ilikuwa imemkataa, ulimi haujamkataa. Mwanawe wa kiume alikwenda machimboni akawa mtu wa salamu za sikukuu, akamwacha mkewe Mwajabu na watoto katika nyumba ya jirani. Binti yake alikuwa Hidaya, na Hidaya ndiye aliyekuwa miguu ya mama yake. Alimbeba mgongoni kwenda zahanati, alimbeba kwenda msibani, alimbeba kwenda sokoni. Na huko juu mgongoni Bi Mboni hakunyamaza.

"Simama hapo," humwambia bintiye, kisha humgeukia mwenye vitunguu. "Wewe, hivi ni vitunguu au karanga? Nishuke nikuonyeshe?"

Soko zima lilicheka, maana wote walijua hawezi kushuka.

Mlima wa pili ndiko walikohamia wazungu waliostaafu, wakajenga nyumba zenye baraza pana. Ukimuuliza yeyote kati yao kwa nini kachagua hapa asichague kwingine, hakosi sababu. Huyu alisema baridi ya hapa haina theluji. Yule alisema kodi za kwao zimemchosha. Mwingine alisema huku mtu wa kipato cha kawaida anapata mpishi, mtunza bustani na mlinzi, na wote wanamwamkia. Walichagua nchi kama mtu achaguavyo papai: alibonyeze, alinuse, alirudishe, achukue jingine. Kijana wa Kwembago akitaka kwenda kwao, hata kuitazama tu hiyo theluji, huulizwa ana nini benki na atarudi lini. Papai halimchagui mnunuzi.

Kati ya wazee hao alikuwepo mmoja, Mzee Anseli, mpole, mpenda ndege, asiyekosa darubini shingoni. Sababu yake yeye ilikuwa tofauti. Huko kwao, katika jengo alilokuwa akiishi, jirani yake mzee mwenzake alifariki, na watu walijua kwa harufu. Mzee Anseli akafunga mizigo. Akasema, nitatafuta nchi ambayo mtu hafi hivyo.

Akaenda nchi ya kwanza. Nyumba rahisi, jua la mwaka mzima, samaki wabichi. Akauliza, wazee wenu wako wapi? Wakamwambia wako na watoto wao mijini, wanapigiwa simu. Akasema, si hapa.

Akaenda nchi ya pili. Hospitali zinang'aa, manesi wanatabasamu. Akauliza, wazee wenu wako wapi? Wakamwonyesha jengo zuri lenye ukuta mrefu. Akasema, si hapa.

Akaja nchi ya tatu, yetu sisi, kutazama ndege wa milimani. Siku ya gulio akamwona mwanamke amembeba bibi mgongoni, na bibi anagombana na mwenye vitunguu. Akamuuliza kijana aliyekuwa akimwongoza, yule mbebaji analipwa na nani? Yule kijana akacheka mpaka akashika magoti. Akamwambia, halipwi, ni mama yake. Mzee Anseli alisimama pale mpaka gulio likapungua. Akasema, ni hapa.

Hakuna kosa kutamani kubebwa. Lakini mgongo ni mmoja.

Alijenga mlima wa pili. Magoti yake yalipoanza kumsaliti, hakutafuta nesi wa mjini. Alimtuma mtu Kwembago kumtafuta mwanamke yule yule wa gulioni. Hidaya alikataa. Akakataa tena. Aliyemwambia nenda ni Bi Mboni mwenyewe. Alimkumbusha kwamba bati linavuja, kwamba watoto wa Mwajabu wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Hidaya akasema basi twende wote, mzee hatakataa. Bi Mboni akajibu kwamba yeye alikuja Kwembago akiwa bibi harusi, na hatahama akiwa mzigo.

"Ijumaa utakuja," alisema. "Siku nyingine utaniita. Kwani mimi kiziwi?"

Ikawa hivyo. Kila kulipokucha Hidaya alisimama barazani kwa mzee, akaweka mikono mdomoni, akaita: "Mama eee, kumekucha!"

Ng'ambo palikuwa kimya kidogo. Hidaya aliujua ukimya ule: mama anajikokota kutoka kitandani, anashika mwimo wa mlango, anakohoa, anajiweka kwenye kigoda chake cha nje. Kisha sauti ikaja, nyembamba, yenye kiburi: "Kumekucha na mimi nimo!"

Ndipo Hidaya aliingia ndani kumwinua mzee, kumwosha uso, kumpa uji. Mzee Anseli naye aliupenda mwito ule. Alijifunza kuusema, akiukosea, na Hidaya alimcheka.

Yakaja masika. Mto ukafura, ukaondoka na daraja la magogo. Barabara ya kuzunguka ikafukiwa na udongo. Ijumaa zikapita bila Hidaya kwenda kwao. Ukungu ukaketi bondeni, mlima haukuuona mlima. Ikabaki sauti.

Na sauti ilikuja. Tena ilikuja upesi kuliko zamani. Hidaya akiita tu, jibu hili hapa: "Kumekucha na mimi nimo!" Hakuna kungoja, hakuna kikohozi. Hidaya akamwambia mzee, mama amepata nguvu, hali ya hewa imemkubali. Akaenda kuchemsha uji.

Asubuhi moja aliita, akajibiwa kama kawaida. Haukupita muda, sauti ikaita tena kutoka ng'ambo, na safari hii ilikuwa sauti ya Mwajabu, wifi yake, ikipasuka: "Wifi eee! Mama hayupo!"

Hidaya alishuka bonde mbio. Mto ulikuwa bado umefura. Aliingia majini akishika mizizi, maji yakamfika kifuani, akavuka. Aliyeshindwa kuvuka kwa mama mzima alivuka kwa maiti. Wapo waliolisema hilo waziwazi, msibani, naye akalisikia.

Bi Mboni akazikwa. Siku ya kuondoa tanga, maji yakiwa yamepungua, vijana walimbeba Mzee Anseli kwenye machela wakamleta, maana aling'ang'ania kuja. Akawekwa kwenye jamvi pamoja na wafiwa.

Sasa Kwembago wana desturi yao, ngumu kama mawe yao. Mzazi akifa hakuna mkono ndani ya mkono wake, jamvi la msiba halikunjwi mpaka atajwe aliyemwacha. Akishatajwa, haitikiwi. Hafukuzwi, hapigwi, hadaiwi. Akisalimu, hapokelewi. Akiita, watu wa ukoo wanaendelea na kazi zao kama upepo umepita. Tena haitazamwi damu, maana hata mgeni aliyekula chakula cha mkono wa nyumba ile ni wa nyumba ile. Na mwenye kutaja ni mjomba, ndugu wa marehemu, Mzee Shemdoe.

Mjomba alianza na Mwajabu, kwa kuwa ndiye aliyemkuta marehemu amepoa. Akamtaka aeleze mambo yalivyokuwa tangu mwanzo.

Mwajabu hakulia. Alisema mama alianguka kitandani mara baada ya daraja kuondoka, hakuinuka tena. Na ndiye aliyemwamuru.

"Alinishika mkono huu, mjomba. Akasema, Hidaya akijua nimelala ataingia mtoni, na mto utamla. Itikia wewe. Nikaiga sauti ya mkwe wangu kila kulipokucha. Uji nani alimnywesha? Mimi. Nani alimgeuza? Mimi. Wifi yangu alikuwa na mama wa kumwita, mimi nilikuwa na mama wa kumfulia." Kisha, kama anayejisogezea kisu mwenyewe, akaongeza: "Ila sitaficha. Ada za wanangu zilitoka kwa mzungu kupitia kwa wifi. Hilo nalo lilinisaidia kuitikia vizuri."

Mjomba akauliza, na siku ile ya mwisho?

Mwajabu akatazama chini. Alikuwa amelala kwake na watoto, mmoja ana homa. Alifika mlangoni kwa mama mkwe huku Hidaya akiita. Akaitikia kwanza, kumekucha na mimi nimo, ndipo akaingia ndani na kibakuli.

Watu wote jamvini wakaelewa kwamba asubuhi ile aliyesemewa yumo hakuwemo tena duniani. Mwanamke mmoja akajifunika ushungi uso mzima.

Mjomba akamgeukia mgeni. Akamwambia kwa upole kwamba hana haja ya kusema kama hana la kusema. Mzee Anseli akasema analo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku ile hakuna aliyekicheka.

"Mimi natazama ndege," alisema. "Mchana ukungu unafunguka kidogo. Naona kigoda, kitupu. Kesho naona kigoda, kitupu. Asubuhi moja ukungu unafunguka mapema, namwona Mwajabu mlangoni, mikono mdomoni. Mimi nilijua. Sikumwambia Hidaya. Nikimwambia, ataondoka, na mimi nitakuwa kama jirani yangu."

Bibi mmoja mkongwe, rafiki wa marehemu, akauliza jirani huyo ni nani. Hidaya, bila kuinua macho, ndiye aliyewaeleza habari ya jengo na harufu. Yule bibi akatikisa kichwa.

"Kumbe ulikikimbia kifo cha upweke," alimwambia mzee, "ukaja kumtwika mwenzio."

Mzee Anseli akasema ndiyo. Akasema pia kwamba alimlipa Hidaya vizuri, akamheshimu, akamwambia aje na mama. Lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba halimsaidii.

Ikabaki zamu ya Hidaya. Moyoni alikuwa ameshajipangia utetezi wote: niliambiwa nenda na mama mwenyewe, daraja liliondoka, niliita kila siku, nilidanganywa pande zote mbili, na huyu na huyu. Kila neno lilikuwa kweli. Alipofungua kinywa likatoka jingine.

"Mama alikuwa anachelewa kuitikia," alisema. "Lazima achelewe, miguu hana. Masika haya jibu lilikuwa linakuja upesi. Mimi niliyembeba miaka yote hiyo ndiye nisijue kwamba mama hawezi kufika mlangoni upesi namna ile? Nilisema amepona. Nilitaka awe amepona, nikaendelea kuchemsha uji wa mtu mwingine."

Kutoka nyuma mtu akanong'ona kwamba basi wa kutajwa ni marehemu, ndiye aliyemtuma huyu na kumwamuru yule. Mjomba akamkata: maiti hatajwi, ameshamaliza kuita na kuitikiwa.

Kisha akawaza kwa sauti, mzee wa watu, uso umemkauka. Akimtaja Mwajabu, amemtaja aliyeshika kibakuli mpaka siku ya mwisho, na ataishi kati yao kama kisiki, na watoto wake watamwona mama yao anasalimu ukuta. Akimtaja Hidaya, amemfukuza mlangoni kwa mama yake mtoto aliyeugeuza mgongo wake kuwa miguu ya mama, na kwao hana kwao tena. Akimtaja mgeni, hakuna mkono wa Kwembago utakaovuka bonde kumwinua, na kule barazani yatampata yale yale aliyoyakimbia nchi tatu. Akasema atalala akiliwaza, na asubuhi atataja. Wakamrudisha Mzee Anseli kwake, Hidaya akabaki.

Kulipokucha walikuwa wote nje, jamvi bado limetandazwa. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Mjomba alisimama, akajikohoza, akafungua kinywa.

Kabla hajatamka, sauti ikavuka kutoka ng'ambo. Ilikuwa ya kizee, imekwaruza, na maneno yamekosewa kidogo, kama yalivyokosewa siku zote.

"Hidaya eee! Kumekucha!"

Mdomo wa Hidaya ulifunguka wenyewe. Mwajabu, aliyekuwa kando yake, naye alikuwa ameshainua mikono kuiweka mdomoni, kwa mazoea. Kisha wote wawili wakakumbuka kwamba huenda anayeita ndiye atakayetajwa, wakamtazama mjomba. Ng'ambo mzee aliita tena, na safari hii sauti ilikuwa na woga.

Mjomba alikigeuza kichwa chake akawatazama waliokuja kuzika, mmoja mmoja, na sasa anawatazama ninyi mliosikiliza mkiwa mmekaa.

Je, katika hawa watatu, nani asiitikiwe?