Jini wa Watu Wote

Mji wa Kandarini ulikuwa chini ya Sultani Barhani bin Suudi, mtawala aliyependa haki kuliko raha na asiyejaliwa mtoto, na alipohisi ajali yake imekaribia aliwakusanya raia wote, akavua pete yake ya akiki na kusema, "Enyi watu wangu, kiti hiki simwachii mtu mmoja, maana mtu mmoja hulewa. Pete ni yenu nyote, na jini wake ni mtumishi wenu nyote. Na siku mtakapomwamuru jambo kwa kauli moja, pasipatikane hata mmoja wa kukataa, siku hiyo atakuwa huru."

Sultani akafa, na jini Zimlaki, aliyesimama nyuma ya kiti hicho tangu enzi za mababu, akamshukuru Mungu, akidhani ni kazi ya asubuhi moja. Maskini, hakuwajua watu.

Kisima cha mji kilikuwa kimekauka, basi la kuamuru lilijulikana: maji. Lakini vijana walisema, "Sultani kafa, amri zife naye! Kila mtu aisugue pete kwa haja yake." Dobi akataka jua, na jirani yake mpanda mchicha akataka mvua, na Zimlaki akalazimika kuwaka upande mmoja wa uchochoro na kunyesha upande wa pili, mpaka majirani wakapigana kwa ndoo na jini akashikwa na mafua.

Ndipo wazee wakaunda baraza, wakaifungia pete isisuguliwe tena ila kwa kauli moja. Mwinyi Shaali, zamani mshika mwavuli wa sultani na sasa msimamizi wa baraza, akafungua kikao cha kuamua kikao cha maji kikae lini, na kikao hicho kikazaa wajukuu. Mwishowe wengi walikata shauri chemchemi itoke katikati ya mji, na katikati ya mji palikuwa sebuleni mwa Bi Rukaya binti Ngwali, mjane mpika halua.

"Sitaki," alisema Bi Rukaya.

"Bibi, wengi wametaka."

"Basi wengi watoboe sakafu zao."

Zimlaki akamfuata jikoni, ameinama asivunje dari. "Binti Ngwali, nakusihi, sema ndiyo. Neno lako ndilo kufuli langu."

"Kaa kitako, usinisimamie kama mnara," alijibu akikoroga sufuria. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Jini akaketi. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Nataka... kwenda ninakotaka."

"Na mimi nataka kukaa ninapotaka. Wangeniomba uwani, penye mtende, ningewapa. Hawakuniomba, wameniamulia."

Zimlaki akakimbilia barazani na habari hiyo njema. Mwinyi Shaali akasema suala la ua ni jipya, sharti lianze mwanzo, na mmoja akauliza tende zitakuwa za nani, na mwingine akapinga kwa kuwa jana alipinga. Hapo subira ikamwisha jini, akarefuka hadi kilemba kikagusa mawingu.

"Enyi watu wa Kandarini! Nimemtumikia mlevi, na kichaa, na aliyetaka mwezi ufuliwe kwa sabuni, wala sikuwachoka hao kama nilivyowachoka nyinyi! Mbuzi wenu wana shauri kuwashinda, na msimamizi wenu arudi kwenye mwavuli, maana mwavuli angalau ulifunguka! Na halua yenu inanata kama vikao vyenu!"

Sauti hiyo ilisikika mji mzima, na hapo hata Bi Rukaya jikoni mwake alisimama. Vijana na wazee, dobi na mpanda mchicha, wote wakapaza sauti: "Nenda zako!"

Pete ikapasuka vipande viwili.

"Kuna aliyekataa?" akauliza Mwinyi Shaali polepole.

Hakuwepo.

Zimlaki akaruka hadi nyuma ya milima ya Kafu, mwisho wa dunia, ambako hapakuwa na wa kumbishia, wala wa kumwuliza anataka nini. Haukupita muda akarudi kwa kimo cha binadamu, jembe begani.

"Hodi, Bi Rukaya! Naomba kuchimba uwani."

"Karibu. Aliyeomba na achimbe."

Maji yakabubujika, mji ukaneemeka, halua ikauzwa mpaka ng'ambo, na Zimlaki akamwoa Bi Rukaya kwa ridhaa yake, aliyomwuliza mara mbili kwa hadhari. Na baraza likakutana kukipa kisima jina la Mwinyi Shaali, na watu wote, kwa ajabu ya Mungu, wakaafiki, ila mkono mmoja ukainuka nyuma.

"Sitaki," alisema Zimlaki, akaketi ameridhika sana, na kikao kikaanza upya.

Basi mwenye kutafuta maji ya wote, kwanza apige hodi kwa mmoja. Na ukiwa hukubali, usijali: Kandarini nao bado wanalijadili.