Nyani wa Juu ya Kabati

Wapendwa, leo nataka niwaketishe kidogo barazani kwa mama mmoja mshonaji. Msigeuze shingo kumtafuta kwenye mabenchi haya, hayupo. Ni mfano tu. Tumwite Mama Mbonea, maana Mbonea ndiye mwanawe wa kwanza, na habari yenyewe ni ya mama na mwana.

Mama huyu alikaa na mumewe katika mji mdogo wa mlimani, na walikuwa na watoto wawili: huyo Mbonea, na binti aliyemfuata, Nakijwa. Mbonea alipokuwa kijana akapata kazi ya udereva nchi ya mbali, kwa tajiri mmoja wa huko. Kabla mwaka haujaisha akampa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani zawadi awaletee wazazi: nyani wa kuchezea, mwenye manyoya ya kahawia na kingoma mapajani. Ukimminya mkono anapepesa macho, anageuza shingo kama mtu aliyesikia jina lake, anapiga kingoma, halafu anacheka. Na si kicheko cha mchezo. Ni kile cha mtu aliyeshiba, asiyedaiwa neno na mtu.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa baba mwenye nyumba, mtu mzima, mwenye maneno machache. Akitoka shamba, kabla hata ya kunawa, anamminya nyani mkono, na wanacheka wote wawili. Mke wake alikuwa anasikia kutoka jikoni, naye moyo wake unatulia.

Kisha yule baba akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Akafariki. Wakampigia Mbonea, akasema anakuja. Wakaahirisha mazishi ili awahi. Wakangoja, ndugu wakaanza kunong'ona, na mwisho wakazika bila yeye. Mwana wa kwanza hakuwepo kutia udongo kaburini kwa baba yake. Baada ya siku chache simu ikaja. Akasema, "Mama, nisamehe, nilishindwa." Hakueleza alishindwa na nini. Na mama hakuuliza.

Tangu hapo Mbonea akipiga simu, mama anampa Nakijwa aongee naye, yeye anainuka kwenda jikoni. Anashika kazi yoyote iliyo karibu. Hata sufuria iliyokwisha kusuguliwa anaisugua upya. Watu wakimuuliza habari za kijana anasema hajambo, na anabadilisha mazungumzo. Lakini moyoni alikuwa na sentensi moja aliyojiambia kila alipolala na kila alipoamka: mtoto aliyeshindwa kumzika baba yake, amenizika na mimi.

Nyani naye alinyamaza katika siku zile za msiba. Watoto wa waombolezaji walimminya mpaka sauti ikakauka. Mama akampandisha juu ya kabati la vyombo, akamtandikia kitambaa cha kufuma, akakataza asiguswe. Mgeni akiuliza mbona huyu hachezi, mama anajibu, "Betri zimeisha." Miaka inapita, jibu ni hilo hilo. Sasa niwaulize, ndugu zangu: mtu akisema betri zimeisha, na duka la betri liko hapo mtaani, tatizo lake ni betri?

Basi Nakijwa akapata mchumba. Posa ikaja, mahari ikazungumzwa, tarehe ikapangwa. Likabaki jambo moja lililomkosesha binti usingizi: nani atasimama mahali pa baba na kumkabidhi mbele ya kanisa? Kwa desturi yao ni kaka. Mama alikwisha kusema atasimama baba mdogo, na alilisema kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya kuuliza. Nakijwa akanyamaza, lakini kila kaka yake alipopiga simu alikosa la kumwambia.

Ikafika siku ya kupaka nyumba rangi kwa ajili ya harusi. Vyombo vikatolewa, kabati likasogezwa, na nyani akashushwa na vumbi lake. Nakijwa akamwangalia, akasema kwa upole kwamba huyu sasa atupwe, hana kazi. Mama akanyoosha mkono. Akasema, "Lete kwanza nimwone."

Akaketi mkekani barazani, akamlaza nyani mapajani juu ya kanga. Alikuwa fundi cherehani. Zana alikuwa nazo. Kwa wembe akafumua mshono wa mgongoni, uzi kwa uzi, bila kuchana manyoya. Ndani akakuta kasha la plastiki, akalifungua kwa bisibisi ndogo ya cherehani. Hakuwa na nia ya kutengeneza kitu. Alitaka tu kuona kile kicheko alichocheka nacho mume wake kilikuwa kinakaa wapi.

Akakiona. Kilikuwa kinakaa ndani ya spika nyembamba, haizidi kifuniko cha soda. Akaona mota, na vijigurudumu vya meno vinavyosukumana, kimoja kinavuta kope, kimoja kinageuza shingo, kimoja kinainua mikono. Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole. Vyote vilikuwa vizima. Alishangaa sana, kwa sababu miaka yote ile alidhani ndani mmekufa. Ndipo akafungua kijumba cha betri. Zilikuwa zimeisha kweli, hakusema uongo. Ila ziliachwa humo humo, zikavimba, zikavuja, na maji yake yakakauka yakawa unga mweupe na kutu ya kijani iliyokula vile vyuma vya kupitishia umeme. Kitu chote kimesimama kwa sababu ya mahali padogo kama ukucha.

Akaomba limau. Akapaka, akafuta kwa kitambaa, akasugua kwa kipande cha msasa cha mafundi rangi, mpaka chuma kikaanza kung'aa. Akamwambia Nakijwa atoe betri za redio. Manyoya yamelala upande mmoja, skrubu zimetapakaa kwenye kanga, akazitia betri na kuminya ule mkono.

Nyani akatetemeka. Jicho moja likapepesa. Mkono wa kulia ukapiga ngoma, wa kushoto ukagoma. Halafu kicheko kikatoka, lakini kinakwaruza, kama mzee mwenye mafua aliyesimuliwa jambo la aibu. Mama akashtuka. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, na hakujua tena kama anacheka au analia, kwa sababu alimwona mume wake pale, na buti za shambani, anacheka naye.

Wakati huohuo Nakijwa, aliyekwisha kuleta betri, alikuwa chumbani, simu sikioni. Aliyepiga ni Mbonea. Kule mbali kijana akasikia, akauliza ni nani huyo anayecheka. Dada yake akamjibu ni mama. Nakijwa akadhani simu imekatika, kumbe kaka yake analia.

Binti akatoka na simu barazani, akaiweka kwenye spika, akaitua mkekani karibu na goti la mama yake. Mama akaiona, akataka kuinuka kama kawaida yake, lakini akiinuka zile skrubu zote zinamwagika kwenye nyasi za mbele ya baraza. Akabaki ameketi. Hakuwa na sufuria ya kukimbilia. Halafu akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Mbonea. Kwa nini hukuja kumzika baba yako?"

Kijana akavuta pumzi. "Mama, tajiri alikuwa ameshika pasipoti yangu. Nilimpigia magoti, akakataa. Nikatoroka mpaka uwanja wa ndege, askari wakanirudisha kwake. Ningekwambiaje, mama, siku ya msiba, kwamba mwanao si mtu huru?"

Nakijwa aliziba mdomo kwa mkono. Miaka yote mama alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mtoto huyu siku moja, makali, na sasa akatafuta hata moja lenye kazi, asilipate. Alimwona mwanawe amepiga magoti kwenye sakafu ya watu, siku ile ile ambayo yeye alikuwa anaitazama barabara kwa hasira.

Akauliza, "Sasa hivi unakula vizuri?"

Mbonea akamwambia anakula. Alikwisha kumwacha yule tajiri, ana kazi nyingine, na pasipoti yake anayo mwenyewe. Ni muda sasa anayo. Kilichomzuia kuja ni kwamba hakujua kama akibisha hodi atafunguliwa.

"Nani alikufukuza?" mama akasema, na sauti ikamkatika. "Njoo usimame mahali pa baba yako. Mdogo wako anaolewa."

Naye akaja. Alimshika dada yake mkono akamwingiza kanisani, na mama, aliyelishona lile gauni kwa mikono yake, hakuona mshono hata mmoja kwa machozi.

Wapendwa, habari imeishia hapo, sasa tuzungumze sisi.

Wengi tungesema kosa ni la kijana: mbona hakueleza? Ni kweli, alikosea. Aibu ilimfunga mdomo. Lakini nataka tuliangalie kosa lile lingine, lililo karibu yetu zaidi. Mama huyu hakuwa mwovu. Aliomba, aliimba kwaya, alilea. Alichofanya ni kuhukumu kabla ya kuuliza. Akajijibu mwenyewe kwa niaba ya mwanawe, na jibu alilojipa likamla kwa miaka, wakati jibu la kweli lilikuwa mbali naye kwa pumzi moja tu.

Wewe unayenisikiliza, ni nani umemjibia? Ni ndugu ambaye hakuja kwenye msiba wako? Ni rafiki aliyeacha kupiga simu? Ni mume anayerudi nyumbani kimya, na wewe umekwisha kujua kwa nini, ingawa hujamuuliza? Mungu wetu anajua yote. Hata hivyo mtu wa kwanza alipomkosea na kujificha kwenye miti, Mungu alianza kwa kumuuliza swali. Yeye ajuaye yote aliuliza. Sisi tusiojua kitu tunatoa hukumu.

Siwaahidi kwamba kila ukiuliza utapata jibu la kukufariji. Mwingine atakujibu, na utaumia. Lakini utaumia kwa ukweli, na jeraha la ukweli Mungu anajua kulitibu. Lile la kudhani analitibu nani?

Basi tukitoka hapa, kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja wetu amtafute mtu wake mmoja. Tusiende na hotuba. Tumuulize, halafu tunyamaze, tumwache amalize kusema. Na Bwana, ambaye hachoki kutusikiliza sisi, atupe masikio ya kusikilizana.