Na Habari Yenyewe?

Ndugu zangu, lipo jambo nimelitafutia jibu kwa muda mrefu, vitabuni na midomoni mwa watu, na mpaka leo sijalipata. Kwa nini mtu mwenye shida, ukimsalimu, huanza kwa kusema salama? Mgonjwa yuko kitandani, anasema salama. Aliyefiwa jana anasema salama. Ni uongo? Ni dua? Ni adabu tu ya kumpokea mgeni? Sijui. Nilichonacho ni mfano, na huo ndio nitakaowapa.

Palikuwa na nchi ya jangwa. Katika nchi ile ziwa lilikauka zamani likaacha chumvi, na mbali sana, upande wa pili, palikuwa na mji wenye soko. Ardhi ya kule haikuotesha mtama wala haikuwa na mto. Ilichokuwa nacho ni chumvi, na chumvi si mali mpaka ifike sokoni. Katikati ya chumvi na soko kisima kilikuwa kimoja, na kando ya kisima nyumba moja, ya mtu na mkewe. Hawakuwa na mtoto, na jirani hawakuwahi kumjua. Hakuna aliyewachagulia mahali pale. Maji ndiyo yaliyochagua.

Enzi za ngamia, kila msafara ulilazimika kulala pale. Mume alivuta maji, mke alisuka kamba za mizigo, na wasafiri waliwaachia mtama, sukari na majani ya chai. Waliwaachia habari pia. Kwa watu wale salamu ilikuwa na mizunguko mitatu. Katika wa kwanza kila kitu ni salama, hata kama nyumba inaungua. Mgeni akishakunywa maji unakuja wa pili, wa kuulizana mvua imenyesha wapi na malisho yako wapi. Wa tatu ni swali moja tu: "Na habari yenyewe?" Hapo ndipo mtu husema lililo moyoni. Kulisema mapema ni kumtwisha mgeni mzigo kabla hajatua wake, na kwao hiyo ilikuwa aibu kubwa.

Kisha yakaja malori. Lori hubeba maji yake kwenye mapipa, na safari iliyowachosha ngamia siku nyingi huimaliza kabla jua halijazama. Chumvi ikashuka bei, watu wakashukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Njia ikahamia kwenye uwanda mgumu, kwa sababu magurudumu hayapatani na mchanga laini wa kisimani. Nyumba ile haikusogea hata kidogo, lakini sasa ilikuwa mbali. Mke akitaka kumwona binadamu mwingine, ilimbidi atembee mpaka uwandani na kusimama juani.

Siku moja mume aliteleza kisimani, kamba ikamchana mguu. Kidonda kikaoza. Homa ikampanda. Mke alijua kwamba zahanati iko mjini, na kwamba lori lingemfikisha siku hiyo hiyo. Aliposikia mngurumo akakimbia uwandani, akainua mkono. Dereva alikuwa mtu wa nchi ile ile, mtoto wa wafugaji. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Hujambo, mama? Nyumbani salama?"

"Salama."

"Na mifugo?"

"Salama, ila..."

Lile neno "ila" likaliwa na injini. Dereva akapunga mkono, akaondoka. Msimlaumu haraka. Betri yake ilikuwa dhaifu, na akizima injini kule uwandani pengine haiwaki tena. Tajiri wake alikuwa akimsubiri mjini. Na isitoshe, si alisalimia? Wangapi hupita bila hata kusalimia?

Mke akarudi nyumbani na vumbi usoni. Mumewe akamuuliza kama mgeni amesema neno, naye akamwambia kwamba mgeni ana haraka. Mume akacheka kwa shida, akasema yule husalimia kama anayehesabu mbuzi wa watu.

"Akipita tena nitamwambia bila kuulizwa," mke akasema.

"Utanifanya ombaomba, nami ningali hai? Subiri. Ni mtoto wa watu, analijua swali. Iko siku atazima."

Kwa hiyo akasubiri. Lori lilipita likienda, likapita likirudi. Kila mara alisimama pale uwandani na maziwa ya mbuzi kwenye kibuyu, kama mtu aliyekuja kukaribisha tu. Kila mara aliulizwa kama ni salama, akajibu salama, akarudi na maziwa yake. Ile njia ya kurudi ndiyo iliyomchosha. Akienda alikuwa na mngurumo wa kufuata masikioni. Akirudi hakuwa na kitu, ni mchanga na nyayo zake mwenyewe za asubuhi.

Mume akafa. Mke akamwosha, akamkafini kwa kanga yake nyeupe, akachimba kwa bakuli la kuchotea maji, akamswalia peke yake. Alipomaliza alitaka kumwambia mtu kwamba kazi imekwisha. Akazungusha macho pande zote. Hakukuwa na wa kuambiwa.

Siku chache baadaye lori lilikuja likitoa mvuke. Rejeta ilikuwa imechemka na maji ya mapipa yamevuja njiani. Safari hii dereva alizima kwa sababu hakuwa na la kufanya. Akamfuata yule mama mpaka kisimani, mahali ambapo alikuwa hajakanyaga tangu utoto wake, alipokuja na ngamia wa baba yake. Akanywa. Akakaa kivulini. Wakaulizana mvua, wakaulizana malisho. Kisha, labda kwa sababu injini ilikuwa bado ya moto na muda ulikuwepo, swali lilimtoka lenyewe.

"Na habari yenyewe, mama?"

"Mwenye nyumba nimemzika."

Dereva akaweka kata chini. "Lini?"

"Baada ya wewe kupita."

"Mbona kila siku unaniambia salama?"

"Kwa sababu kila siku uliniuliza kama ni salama, mwanangu." Hakusema kwa hasira. "Alikuwa akiisikia injini yako kutoka kitandani. Kila ukipita alikuwa akisema, leo atazima."

Ndugu zangu, nani amemuua mtu yule? Kidonda? Aibu yake mwenyewe? Dereva? Tajiri wa chumvi? Mimi nayaogopa maswali hayo, kwa sababu kila anayetajwa ana sababu yake, na sababu zote ni za kweli. Lakini nataka tujitazame sisi. Watu wa jangwani waliulizana mara tatu kwa kuwa waliishi mbali mbali, na hawakuwa na njia nyingine ya kujua. Sisi tunaishi ukuta kwa ukuta, tunasikia jirani anapokohoa, tukadhani kusikia ndiko kujua. Sasa hivi tutatoka hapa. Pale mlangoni, tukivaa viatu, tutaulizana za nyumbani, na kabla jibu halijafika, funguo za pikipiki ziko mkononi. Nani kati yetu leo amejibu salama, na ndani yake kuna "ila" iliyoliwa? Nani aliyeketi mstari wa nyuma anasubiri tuzime?

Mjiulize wenyewe. Mimi nitawaambia tu kilichoamuliwa kule. Dereva alipoifikisha habari ile mjini, wenye malori walikutana, wakabishana sana. Wapo waliotaka mjane ahamishiwe mjini, naye akakataa, kwa kuwa kisima kisichotunzwa hufukiwa na mchanga, na lori linaloharibikiwa halichagui mahali. Mwishowe wakaamua njia irudi ipite kisimani, hata kama mchanga wa pale unazamisha, na kila lori lizimwe pale mlangoni. Jangwani njia haichongwi na mtu. Njia ni alama za magurudumu, na anayetangulia ndiye anayeichora. Wengi waliafiki, wakasubiriana. Aliyetekeleza ni dereva yule. Aliondoka na shehena nzima ya chumvi, akaingia kwenye mchanga laini, akazama, akachimba, akatandika magunia chini ya magurudumu, akazama tena, akachimba tena, mpaka akafika mlangoni. Wenzake wakapita kwenye alama zake.