Mama Kindi na Kuni za Fisi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyumba, na mafiga, na zamu ya kufagia kanisa, mvua iligoma. Mawingu yalikuja kila mchana, yakazunguka juu ya kilima, yakaondoka. Watu wakatoka nje kuyatazama, wakarudi ndani, wakatoka tena. Chakula kikaisha. Yakabaki mahindi ya mbegu tu, ya jumuiya yote, na hayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa mpaka ardhi ilowe.

Mwinjilisti wao alikuwa Korongo. Aliogopa kuyaweka yote mahali pamoja, akayagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza akampa Mzee Nyati, mzee wa kanisa, mwenye shingo nene na sauti ya kutetemesha bati. La pili akampa Mama Kindi.

Waumini wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kindi kulinda mbegu! Mwenyewe alisimama pale akijikuna, mkia wake hautulii.

"Mwinjilisti, usinipe mimi," alisema. "Mbegu nazipenda. Nikiziona tu meno yananiwasha."

"Ndiyo maana nakupa," Korongo akamjibu. "Wewe hutazisahau."

Mzee Nyati akakohoa kidogo, akasema yeye tangu abatizwe hajawahi kushawishika na kitu chochote. Alikwenda kwake, akapukuchua mahindi yake, akayatia kwenye mtungi bila kukagua wadudu, akauziba mdomo kwa udongo na kuusukuma nyuma ya kitanda. Hakuuangalia tena.

Mama Kindi alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyaning'iniza mahindi na maganda yake kwenye fito juu ya mafiga, ili moshi ufukuze wadudu. Lakini nyumba isiyopika moshi itautoa wapi? Moto wake ulikuwa wa vijiti, unawaka na kuzimika. Gogo hakuweza hata kulitikisa. Siku moja alitega sikio chini ya zile fito akasikia: kwiri, kwiri, kwiri. Fukusi wameshaingia.

Alitoka mbio mpaka kwa Nyati, akamwomba amvutie gogo moja tu.

Nyati akamtazama kutoka juu. "Anayewasha moto chini ya mbegu ameshaanza kuzila moyoni, mama. Mimi zangu nimezifungia. Nenda kasali."

Alirudi akasali kweli. Alisali Baba Yetu, na alipofika penye majaribu akaishia hapo, kwa sababu harufu ya mahindi ilikuwa puani mwake na watoto wake wawili walikuwa wanalia njaa. Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

Ndipo Fisi alipobisha hodi.

Fisi huyu alikuwa na nguvu za kuzing'oa zile fito kwa mkono mmoja. Lakini kunyang'anya aliogopa, maana jumuiya ingemfukuza. Alitaka apewe, ili kosa liwe la mtoaji. Akaketi, akawapa pole watoto, akamwambia Mama Kindi kwa sauti laini kwamba hindi moja halitaonekana, na Mungu hawezi kumkasirikia mama anayelisha wanawe.

"Sikufichi, baba Fisi," Mama Kindi akasema. "Nayatamani kuliko wewe. Asubuhi nilishika moja."

"Enhe? Ikawaje?"

"Angalia moto wangu."

Fisi akaangalia. Vijiti na majivu. Akapiga hesabu zake kwa sauti: mahindi makavu vile, bila moto mkubwa hayachomeki, na yeye yasiyochomwa hayapendi. "Basi tatizo hapa ni kuni," akasema.

"Kuni ni tatizo kubwa," Mama Kindi akakubali, na hapo hakusema uongo.

Kesho yake, puu! Gogo likatupwa mlangoni. Fisi alikuwa na haraka, hakutaka kwenda mbali kwenye miti mikavu, akakata mti mbichi uliokuwa karibu. Gogo likatiwa kwenye mafiga, na nyumba nzima ikajaa moshi. Koho, koho, koho. Watoto wakakimbilia nje. Na kutoka kwenye fito wakaanza kudondoka fukusi: ti, ti, ti. Mama Kindi akawafagia huku machozi yanamtoka.

"Tayari?" Fisi akauliza.

"Naona moshi tu, baba. Kaa la moto silioni."

Fisi akafuata gogo jingine. Na jingine. Kila siku alikuja na kuni mbichi na maneno matamu, akaketi akikohoa na kushawishi, kushawishi na kukohoa. Moshi uliwasumbua fukusi, lakini maneno yalimsumbua Mama Kindi. Msidhani alikuwa anacheka moyoni. Macho yake yalikuwa yanazirudia zile fito.

Siku moja mtoto mdogo alianguka kwa njaa akicheza. Fisi alinyanyua macho tu kwenye fito. Mama Kindi akapanda. Akateremsha hindi moja, akamenya, akaweka punje katikati ya meno. Fisi akameza mate.

Punje ikiwa bado mdomoni, Mama Kindi alitoka nje na lile hindi mkononi, akaitemea punje kiganjani, akapaza sauti bondeni kote:

"Jirani zangu, njooni! Nakaribia kula mbegu zenu!"

Walikuja. Kanga alikuja na mizizi kidogo aliyochimba kwa ajili ya wanawe, akawapa watoto wa Mama Kindi nusu. Digidigi alimshika mama yao mkono, akasali naye mpaka akaweza kupanda na kulirudisha lile hindi mahali pake. Fisi alikuwa ameshapita mlango wa nyuma.

Nyati naye alikuja, ila kumkemea. "Mlinzi gani huyu anatangaza kushindwa? Jumapili mbegu zote zihamie kwangu."

Mama Kindi akakubali. Jumapili baada ya ibada akayabeba mahindi yake, meusi kwa masizi, mpaka uani kwa Nyati, akijiona amelitia aibu kanisa zima.

"Fungua mtungi, mzee, tuchanganye," Korongo akasema.

Nyati akaubandua ule udongo kwa pembe, akainamisha mtungi. Ukamwagika unga. Unga na fukusi, wanene, wakitembea polepole kwenye jua. Punje nzima hata moja haikutoka. Nyati akatazama, akapiga magoti, hakuwa na sauti tena ya kutetemesha kitu.

Korongo akachukua hindi moja jeusi la Mama Kindi, akalimenya. Ndani lilikuwa jeupe, gumu, zima.

"Ni kuni zangu hizo!" Fisi akaropoka kutoka nyuma. "Nimezibeba kwa mgongo wangu, na mimi nipewe fungu langu!"

"Kuni za nini, ndugu?" Korongo akauliza.

"Za kuchomea..." Fisi akasita. Wote wakageuka kumtazama. Akamgeukia Mama Kindi kwa hasira. "Wewe si uliniambia tatizo ni kuni?"

"Wewe ndiye uliyesema, baba. Mimi nilikubali. Na asante, moshi wako ulikuwa mzuri sana."

Uani kukalipuka kicheko, na Fisi akaondoka mbio huku mgongo umejaa michubuko ya magogo.

Mama Kindi akaligawa fungu lake, nusu akamwekea Nyati miguuni, akamnyanyua. Juma lile lile mawingu yalikuja, na safari hii hayakuondoka. Wakapanda pamoja, Nyati akivuta jembe, Mama Kindi akidondosha punje shimoni moja moja, meno yakimwasha vile vile kama siku ya kwanza.

Wadogo zangu, kujaribiwa si dhambi: ukikimbilia maombi na wenzako, hata kuni za mjaribu zitakuhifadhia mbegu.