Digidigi na Kata Aliyoiacha Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kuona, na kutoona.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, Nyegere alipika pombe ya asali. Aliyeinywa aliona siku zijazo. Lakini ilikuwa na mwiko: kata hunywewa mpaka machicha.

"Juu kuna mwanzo wa jambo," alisema Nyegere, "na chini kuna mwisho wake."

Siku moja akaja Digidigi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikudhani. Wawili waliomtangulia hawakuishi.

"Mzee Nyegere, nipimie. Nataka kumwona mwanangu akikua."

"Utamaliza? Fisi alinywa nusu, akaona watu wakilia nyumbani kwake, akatuaga sote akidhani anakufa. Kumbe bintiye alikuwa anaolewa!"

Digidigi akacheka. "Nitamaliza."

Akanywa. Kata ilipofika nusu, akamwona Sikudhani akikimbia, na Chui yu nyuma yake. Akapiga yowe, akaiacha kata, akakimbilia kwake.

Nyegere akanywa iliyobaki. Akamwona Sikudhani akiruka korongo, Chui akibaki ng'ambo anahema. Akamfuata Digidigi mbio.

"Mama Sikudhani, fungua nikwambie mwisho wake!"

"Nenda zako! Pombe yako imenitosha."

Alikwenda mara tatu. Mara tatu akafukuzwa.

Digidigi akaizungushia nyumba miiba, mtoto asitoke.

"Mama, wenzangu wanashindana mbio. Niende?"

"Usiende, mwanangu."

"Mama, wenzangu wanajifunza kuruka korongo. Niende?"

"Usiende, mwanangu."

"Mama, miguu inaniuma kwa kukaa."

"Kaa tu, mwanangu. Kaa nikuone."

Ukaja ukame. Miiba ikakauka, ikaanguka. Chui akaingia.

"Kimbia!" mama akalia.

Sikudhani akakimbia kadiri alivyoweza. Akafika kwenye korongo, akasimama. Maisha yake yote hakuwahi kuruka hata shimo la panya.

Akageuka kumtazama mama yake. Chui akamfikia.

Wanyama wakakusanyika matangani. Nyani akauliza, "Jamani, hili kosa la nani?"

"Nyamaza, ndugu yangu," Nyegere akamjibu. "Mfiwa hafanyiwi kesi."

Tangu hapo, kila asubuhi Digidigi husimama ukingoni mwa korongo. Watoto wa wenzake wakipita, huwaambia, "Rukeni, wanangu. Haya, tena. Rukeni tena."

Ndugu zangu, hofu humwonyesha mtu nusu ya jambo, naye akalia kama ameliona lote. Ampendaye mtoto asimfiche tu, amfundishe kukimbia.

Ngano yangu imefika hapa. Kama ina utamu, gawaneni. Kama ina uchungu, niachieni mimi.