Nani Alisema Gari Lisije?

Ndugu zangu, leo sitahubiri kwa muda mrefu. Nina mfano mmoja tu wa kuwapa, na si wa kuchekesha. Ninaomba kila mliyemchagua kwenye kamati, iwe hapa kanisani, iwe shuleni, iwe kwenye ushirika wetu wa chai, asikilize kuliko wengine.

Kulikuwa na hospitali ya kanisa huko milimani, yenye gari moja la wagonjwa na zahanati tisa za kuhudumia. Kwa miaka kumi na minane, simu za kuomba gari zilipokelewa na mama mmoja, Mama Subilaga. Zahanati ikipiga, yeye anauliza: mgonjwa ana nini? Tangu saa ngapi? Njia inapitika? Kisha anamwambia dereva nenda, au subiri kwanza. Kuna siku alikosea, maana ni binadamu. Na siku akiumwa, kazi ililala.

Basi bodi ya hospitali ikaamua kuweka programu ya kompyuta, ya hii wanayoiita akili bandia. Mhudumu wa zahanati anatuma ujumbe kwa simu, kompyuta inausoma, inapima ni mgonjwa gani yuko hatarini zaidi, halafu inampa dereva amri. Nami sitawadanganya, ilifanya kazi vizuri. Gari likaanza kufika mapema. Wako watu waliopona kwa sababu yake. Bodi ikafurahi. Mama Subilaga akahamishiwa stoo, chumba chake cha simu kikafungwa kwa kufuli, na kompyuta ikabaki humo ndani inafanya kazi yenyewe.

Sasa sikilizeni yaliyompata mkulima mmoja wa viazi, jina lake Ambakisye.

Mkewe, Tusekile, alikuwa na mimba ya kwanza. Asubuhi moja ya mvua akaanza kutokwa na damu. Ambakisye akamfikisha zahanati, na saa tatu mhudumu akatuma ujumbe wa kuomba gari. Mtandao ukakatika katikati. Kilichofika hospitali ni maneno matatu tu: "Mama mjamzito, damu."

"Gari linakuja?" Ambakisye akauliza.

"Ujumbe umekwenda," mhudumu akamjibu. "Hawajasema hapana. Tusubiri kidogo."

Wakasubiri. Ikafika saa nne. Ikafika saa tano. Wakipiga simu, haitoki. Tusekile akamshika mumewe mkono, akasema, "Ambakisye, nasikia baridi." Mumewe akavua koti lake akamfunika. Akaomba kwa mhudumu shuka nyingine, akamfunika tena, na bado mkono ule ulikuwa wa baridi.

Saa sita kasoro ikapita pikapu iliyobeba kabichi. Mwenye pikapu hakuulizwa mara mbili. Kabichi zilimwagwa kando ya barabara, Tusekile akalazwa nyuma, wakaondoka. Alijifungua njiani, mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Mama yake hakufika.

Walipoingia getini, Ambakisye, mtoto yuko kifuani, aliliona gari la wagonjwa. Limeegeshwa. Limeoshwa. Dereva amekaa ndani na funguo mkononi, anasubiri amri.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini, ndugu zangu? Mimi sijui ningefanya nini.

Yeye alimzika mkewe kwanza. Wiki ya pili, bodi ya hospitali ilikuwa na kikao. Bodi ile hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ambakisye akabisha hodi, akaingia, akavua kofia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Nimekuja na jambo moja. Nataka kumwona mtu aliyesema gari lisije. Simshtaki. Nataka tu kumwona, tuongee."

Mganga mkuu akasema, "Mimi natibu wanaofika hapa, kijana. Magari sipangi mimi." Katibu wa hospitali, mama mtu mzima, akasema, "Dereva naye haruhusiwi kuondoka bila amri. Hiyo ndiyo kanuni." Wote wakamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa.

"Mwanangu, uamuzi ule haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa kompyuta."

"Basi nipelekeni kwa hiyo kompyuta."

Wangemkatalia vipi? Wakainuka wote, wazee wa watu, wakamfuata mpaka kwenye kile chumba. Ufunguo ukatafutwa kwanza. Ndani palikuwa na vumbi mpaka kwenye kiti. Katibu akafuta kioo kwa kitenge chake, akatafuta siku ile, akaanza kusoma kwa sauti.

"Saa tatu na dakika kumi na mbili. Taarifa hazitoshi. Huenda mama huyu yuko hatarini. Msimamizi wa zamu apige simu zahanati au amtume dereva mara moja."

Akashuka chini. "Saa tatu na dakika ishirini na mbili. Bado sijajibiwa. Huenda mama huyu yuko hatarini. Msimamizi wa zamu tafadhali aamue."

Kila baada ya dakika kumi, ombi lilelile. Kwenye la nne, sauti ya katibu ikakatika. Mganga mkuu akaendelea kusoma badala yake, naye hakufika mwisho.

"Huyo msimamizi wa zamu ni nani?" Ambakisye akauliza.

Wakatazama. Mbele ya maneno "msimamizi wa zamu" palikuwa na nafasi ya jina, na nafasi ile ilikuwa tupu.

"Mbona hakuna jina?" mwenyekiti akauliza kwa ukali. Katibu akafungua daftari lake la mihutasari. Fundi aliyefunga programu aliliomba jina lile siku ya kwanza kabisa. Liliwekwa ajenda ya saba. Muda haukutosha, likasogezwa kikao kijacho. Kikao kijacho muda haukutosha tena.

"Na leo?" mwenyekiti akauliza, sauti imeshuka.

"Leo ni ajenda ya tisa, mzee."

Mwenyekiti akaegemea ukuta. Uso wake ulibadilika, akasema kwa uchungu, "Izimeni hiyo kompyuta! Izimeni leo hii, isiue mwingine!"

Ndipo Ambakisye akasema, polepole, "Msiizime, mzee. Siku ile, katika hospitali yenu nzima, hiyo ndiyo peke yake iliyomuulizia mke wangu."

Akavaa kofia yake akatoka.

Ndugu zangu, mnaona? Hakuna aliyesema gari lisije. Hakuna hata mmoja! Wangekuwa na mtu mbaya kati yao, wangemfukuza na kulala usingizi. Walikuwa watu wema waliokaa kwenye bodi ya zamani wakanunua chombo kipya, wakadhani kwa kununua chombo wamekwisha kubadilika wao. Chombo kinauliza kila dakika kumi. Bodi inakaa kila miezi mitatu. Nani atakutana na nani hapo?

Sisi tunapenda kuuliza kama mashine hizi zitatunyang'anya kazi ya kuamua. Mimi nawaambia kuna kazi ambayo hakuna aliyetunyang'anya. Tumeiacha sisi wenyewe mezani, chini ya ajenda nyingine. Na siku ya hukumu hatutaweza kumwambia Mungu kwamba muda haukutosha.

Mnajua kwa nini nasema haya leo. Alhamisi kamati ya shule yetu inakaa kupokea programu ya kuchagua watoto watakaopata nafasi ya bweni. Sipingi. Ije, huenda ikaona mtoto ambaye sisi hatukumwona. Lakini kabla haijawashwa, nataka liandikwe jina la mtu atakayeiangalia kila siku, na jina la wa kushika nafasi yake akiugua. Nataka mzazi asiyeridhika ajue aende mlango upi, na siku ngapi zisipite bila kujibiwa. Na kama kukutana mara moja kwa muhula hakutoshi, tukutane kila wiki. Mtachoka. Najua mtachoka. Tuliwachagua mchoke kwa niaba yetu.

Wajumbe wa kamati ya shule, simameni. Hapana, msije mbele. Simameni hapohapo mlipo, katikati ya wazazi, nanyi wengine geukeni muwatazame vizuri. Kila mmoja wao ataje jina lake kwa sauti, halafu tutawaombea.