Nyange Amsaidia Tajiri Kukopa

Tanga alikuwepo tajiri Shekue, fundi wa kuweka nyumba rehani ili anunue nyingine Dubai. Siku moja alimjia mpangaji wake kifua mbele.

"Nyange, hama! Nataka mwenye kodi nene."

"Sawa, tajiri. Ila benki watakukopesha kwa rehani ya nyumba tupu?"

Shekue akakuna kipara. "Basi ngoja wakaguzi wa benki wapite. Waambie hubanduki."

"Mimi choka mbaya, nani ataniamini? Andika mkataba wa miaka mitano, kodi ileile, tuwapelekee."

Shekue akaandika huku akimcheka. Mkopo ukatoka, nyumba ya Dubai ikanunuliwa. Jioni hiyohiyo akagonga mlango.

"Haya, mjanja, toka!"

"Natoka, tajiri," Nyange akasema, akivaa viatu. "Twende wote benki, tukawaambie mkataba tuliowapa ni danganya toto."

Shekue akaketi kizingitini.

"Sogea kidogo, tajiri. Bati la hapo linavuja."